Kifaransa na Kijerumani Chuoni: Mwongozo Kamili wa Kusoma Lugha, Fasihi na Historia kwa Pamoja

Anayejiandikisha chuoni kusoma Kifaransa na Kijerumani hubeba masomo sita kwa jina la masomo mawili: lugha mbili, fasihi mbili na historia mbili. Wengi huyapanga hivyo hivyo, kila somo na daftari lake na siku yake, na kufikia katikati ya mwaka wa kwanza lugha ndiyo iliyopwaya. Historia unaweza kuirudia wiki moja kabla ya mtihani ukapita. Irabu za Kifaransa na viambishi vya Kijerumani havikubali kukimbizwa namna hiyo. Njia inayoelezwa hapa huyaunganisha masomo hayo sita juu ya ukurasa mmoja: matini ileile husomwa mara tatu, kama lugha, kama fasihi, kisha kama historia. Inahitaji utaratibu, na utaratibu huo huanza kabla hujajaza fomu.

## Kabla ya kujaza fomu

Usiridhike na jina la kozi. Omba mtaala wenyewe, kisha tafuta mambo manne. Kwanza, saa za lugha kwa wiki katika mwaka wa kwanza: kwa lugha unayoianza kutoka sifuri, chini ya saa sita darasani ni kidogo, na pengo hilo utalijaza wewe mwenyewe usiku. Pili, angalia kama riwaya na tamthilia husomwa katika lugha yake au katika tafsiri. Tatu, angalia kama historia hufundishwa kwa nyaraka za Kifaransa na Kijerumani, au ni somo la jumla la historia ya Ulaya lisilogusa lugha hata kidogo. Nne, ratiba. Idara mbili zisizowasiliana hupanga semina zao saa ileile, na anayeumia ni mwanafunzi wa lugha mbili. Jambo hilo la nne muulize aliye mwaka wa tatu, maana mtaala hautalionyesha.

Viwango vya lugha vinavyotajwa karibu kila mahali ni vile sita vya Baraza la Ulaya vilivyochapishwa mwaka 2001: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Ukiwa na B1 unajieleza katika mambo ya kila siku. Riwaya huanza kusomeka kwa raha kwenye B2. Semina ya fasihi inayoendeshwa kwa lugha yenyewe inadai C1, au B2 iliyokomaa.

Usianze lugha zote mbili kutoka sifuri kwa wakati mmoja, hata kozi ikiruhusu. Moja iwe imefika B1 kabla ya nyingine kuanza. Zikienda sambamba tangu mwanzo huingia kapu moja kichwani: ukitafuta neno la Kifaransa linachomoka la Kijerumani. Na kama unaweza kuchagua ipi itangulie, kumbuka kwamba Kijerumani hudai malipo mapema: jinsia tatu, hali nne za nomino na mahali pa kitenzi, vyote ndani ya miezi michache ya kwanza, kisha njia hunyooka. Kifaransa hukukaribisha vizuri na kukudai baadaye, kwa maneno yanayoungana usipojua yanaanzia wapi, kwa tahajia isiyofuata sauti, na kwa subjonctif, umbo la kitenzi la matakwa na shaka. Anayeingia chuoni na Kifaransa cha shule akaanza Kijerumani humo yuko pazuri, mradi asipunguze saa za Kijerumani katika muhula wa kwanza.

## Wiki sita za sauti

Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao vitabu vingi vya kufundishia havimwambii, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yake. Sauti ya *gh* katika ghali na ghafla iko jirani sana na *r* ya Kifaransa na ile ya Kijerumani sanifu. Anzia hapo, isogeze nyuma kidogo kooni, uilegeze, na *rouge* na *rot* zitakaa sawa. Wanaotamka *kh* katika kheri na sheikh tayari wana *ch* ya *Buch* na *Bach*. Ile *ch* ya *ich* ni nyingine: nong'ona "hi" huku ulimi umeinuka karibu na kaakaa gumu, na pumzi ipite kwenye upenyo huo.

Kazi iko kwenye irabu. Irabu zetu tano ni safi, na haimo hata moja inayochanganya ulimi wa mbele na midomo ya mviringo. Kwa hiyo *tu* na *tout* za Kifaransa husikika kama neno moja, na vivyo hivyo *für* na *fuhr* za Kijerumani. Dawa ni hii: tamka "i" ndefu, ulimi usiuondoe, kisha viringa midomo kama ya "u". Hiyo ndiyo *ü*, na ndiyo *u* ya Kifaransa. Fanya hivyohivyo ukianzia "e" na kumalizia na midomo ya "o", upate *ö* ya *schön* na *eu* ya *peu*. Irabu za puani za Kifaransa huharibika kwa namna moja: mwanafunzi hufunga sauti kwa *n* au *ng'*, na *bon* ikawa "bong'". Ulimi usiguse popote mwishoni. Jipime kwa jozi *bon* na *bonne*: ya kwanza huishia hewani, ya pili ulimi hugusa ufizi.

Kosa la pili ni kupachika irabu katikati ya konsonanti zilizofuatana, kama Kiswahili kinavyopenda. *Strumpf* ina silabi moja tu. Ijenge kutoka nyuma: *umpf*, *rumpf*, *trumpf*, *Strumpf*, ukikumbuka kwamba *st* mwanzoni mwa neno la Kijerumani hutamkwa "sht". Kumbuka pia kwamba konsonanti za mwisho hupoteza mghuno: *Tag* huishia na "k", *Hund* na "t", na *Rad* hulingana kabisa na *Rat*.

La tatu ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na tabia hiyo husafiri nasi. Kifaransa huuweka mwishoni mwa kundi zima la maneno. Kijerumani kwa kawaida huukaza mzizi, na mkazo ukihama maana nayo huhama: *umfahren* yenye mkazo kwenye *um* ni kugonga na kuangusha kwa gari, yenye mkazo kwenye *fah* ni kuzunguka kitu bila kukigusa. Hiyo ni tofauti ya kujua kabla ya kutoa ushahidi wowote wa ajali.

Tenga dakika 15 kila siku kwa wiki sita. Chukua rekodi ya dakika mbili yenye maandishi yake, isikilize, isome pamoja na msomaji kwa kasi yake, kisha jirekodi peke yako na ulinganishe. Redio ya RFI ina taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, na Deutsche Welle ina habari za Kijerumani zinazosomwa polepole pamoja na maandishi yake. Usiruke hatua ya kujirekodi. Bila rekodi utasikia ulichokusudia kutamka badala ya ulichotamka.

## Jinsia za nomino: wewe tayari unajua ngeli

Aliyekulia na *kitabu kikubwa kimeanguka* na *miti mikubwa imeanguka* haoni ajabu nomino ikitawala maneno mengine. Tofauti ni kwamba ngeli hujitangaza mwanzoni mwa neno, ilhali jinsia ya Kifaransa na Kijerumani hujificha, ikaonekana kwenye kibainishi kinachotangulia: *le, la*, *der, die, das*. Kwa hiyo usiandike nomino peke yake katika daftari hata siku moja. *Tisch* si neno kamili. *Der Tisch* ni neno kamili.

Miisho itakuokoa mara nyingi. Katika Kijerumani, *-ung, -heit, -keit, -schaft, -ion* na *-tät* ni za kike, *-chen* na *-lein* ni za jinsia ya tatu, *-ismus* ni ya kiume. Katika Kifaransa, *-tion* na nomino dhahania za *-té* ni za kike, *-isme* na *-ment* ni za kiume. Zipange sambamba uone zinavyolingana: *la nation, die Nation; l'université, die Universität; le réalisme, der Realismus*.

Hatari iko kwenye *-age*. Kifaransa huifanya ya kiume (*le garage, l'étage*), isipokuwa maneno machache kama *page, plage, image, cage, rage* na *nage*. Kijerumani kilipoyaazima maneno hayohayo kiliyafanya ya kike: *die Garage, die Etage*. Tengeneza orodha yako ya maneno yanayogongana namna hii, pamoja na *le groupe* na *die Gruppe*, *la salade* na *der Salat*. Na juu ya orodha weka matatu yatakayokufaa katika fasihi: jua ni *le soleil* lakini *die Sonne*, mwezi ni *la lune* lakini *der Mond*, kifo ni *la mort* lakini *der Tod*. Mshairi wa Kijerumani akikipa kifo umbo la mtu, anayekuja ni mwanamume. Kwa mwenzake wa Kifaransa sarufi humwelekeza kwa mwanamke. Mtafsiri wa shairi kama hilo hujikuta amebadilisha mhusika bila kugusa maana ya neno lolote.

## Hali nne na kitenzi kinachosubiri

Katika Kijerumani kibainishi hubadilika kuonyesha nani anatenda na nani anatendwa. *Den Mann beißt der Hund* haina maana ya mtu kumng'ata mbwa: *der* imemtaja mbwa kuwa mtenda, na *den* imemtaja mtu kuwa mtendwa, hata akitangulia. Mwanafunzi anayesoma kwa kufuata mpangilio wa maneno tu atageuza sentensi nyingi za aina hii, na katika hati ya kihistoria atageuza nani alimshambulia nani.

Usikariri jedwali zima kwa siku moja. Wiki mbili za Nominativ (hali ya mtenda) na Akkusativ (hali ya mtendwa), ambazo hutofautiana kwa nomino za kiume tu. Wiki mbili za Dativ (hali ya anayetendewa), ukianza na vihusishi vyake: *aus, bei, mit, nach, seit, von, zu*. Kisha vile vya Akkusativ: *durch, für, gegen, ohne, um*. Mwisho vile tisa vya pande mbili (*an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen*), vinavyochukua Akkusativ panapokuwa na mwendo kuelekea mahali, na Dativ kitu kinapokuwa tayari kipo mahali hapo. Genitiv (hali ya umilikaji) ijue kwa kusoma, kuizungumza kutakuja.

Kitenzi hukaa nafasi ya pili katika kishazi huru na mwisho kabisa katika kishazi tegemezi. Katika maandishi marefu unaweza kungoja mistari minne. Kwa kusoma, fanya hivi: ukikutana na *dass, weil, obwohl, als* au kirejeshi, weka alama ya mabano kwa penseli, nenda ukatafute kitenzi kilichokifunga kishazi, funga mabano, ndipo urudi usome yaliyo ndani. Baada ya kurasa 50 hivi jicho litafanya kazi hiyo lenyewe.

## Nyakati za kusimulia, kwa msaada wa -ka- na -ki-

Kitabu cha sarufi kitakuambia kwamba *imparfait* ni ya hali iliyokuwa ikiendelea na *passé simple* ni ya tukio lililokamilika. Ni kweli, lakini Kiswahili kinaeleza vizuri zaidi: *alikuwa akisoma, mara mlango ukafunguka, akainuka*. Ile *alikuwa akisoma* ndiyo *il lisait*; *ukafunguka* na *akainuka* ndizo *s'ouvrit* na *il se leva*. Tafsiri aya moja ya riwaya ya karne ya 19 kwa kutumia -ki- na -ka- uone jinsi mandhari na matukio yanavyojitenga.

Passé simple haizungumzwi tena katika maisha ya kila siku, ila huwezi kusoma historia wala riwaya bila kuitambua. Jifunze nafsi ya tatu tu, umoja na wingi: *il fut, il eut, il fit, il vint, ils furent*. Jihadhari na *il vit*, ambayo inaweza kuwa "aliona" au "anaishi". Upande wa Kijerumani, simulizi la maandishi huenda kwa Präteritum (*er ging*) na mazungumzo kwa Perfekt (*er ist gegangen*).

Ukishajua hayo, sarufi inakuwa uchambuzi. Camus alipochapisha *L'Étranger* mwaka 1942 aliisimulia zaidi kwa *passé composé*, wakati wa mazungumzo, mahali ambapo msomaji wa Kifaransa alitegemea *passé simple*. Matukio yanasimama moja moja, bila ule mnyororo ambao -ka- ingeujenga. Mtahiniwa anayeandika kwamba msimulizi "hana hisia" amesema jambo ambalo kila mtu anasema. Anayeonyesha kwamba wakati wa kitenzi ndio unaoleta hali hiyo, akanukuu vitenzi vitatu, amechambua. Hali kadhalika sentensi ya kwanza ya *Die Verwandlung* ya Kafka, iliyochapishwa mwaka 1915, inashikilia neno *verwandelt*, "amegeuzwa", hadi mwisho kabisa. Kanuni uliyoikariri ya kitenzi kinachosubiri ndiyo inayobeba mshtuko wa hadithi nzima.

## Riwaya ya kwanza

Chagua kitabu kifupi, chini ya kurasa 150, cha karne ya 20. Pima kabla ya kuanza: fungua ukurasa wa kati na uhesabu maneno usiyoyajua. Yakizidi 25, kiweke kwanza. Yakiwa kati ya 10 na 20, kinakufaa.

Soma kurasa tano hadi nane kwa kikao. Mara ya kwanza pita bila kamusi, ukiweka nukta chini ya neno geni. Mara ya pili tafuta maneno yasiyozidi manane kwa ukurasa: yale yaliyojirudia na yale yanayoziba maana ya sentensi. Mengine yaache. Anayetafuta kila neno huishia ukurasa wa 12 na daftari zuri. Tumia kamusi ya lugha hiyohiyo mapema iwezekanavyo. Kwa Kijerumani kuna Duden na DWDS mtandaoni. Kwa Kifaransa kuna Larousse, Le Robert na hazina ya TLFi, inayoonyesha maana za zamani pamoja na mifano kutoka kwa waandishi. Kwa matini ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 hiyo ya mwisho ni lazima, kwani maneno mengi yamebadilika maana huku sura zao zikibaki zilezile.

Kadi za msamiati ziwe na sentensi nzima, si neno pekee. Maneno mapya 12 kwa siku kwa lugha inayochechemea na matano kwa iliyotangulia yanatosha, mradi urudie ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Tenga rundo dogo la marafiki wa uongo kati ya lugha hizi mbili: *Konkurs* ni kufilisika lakini *concours* ni mashindano au mtihani wa ushindani, *brav* ni mtiifu lakini *brave* ni shujaa au mwema, *Figur* ni umbo lakini *figure* mara nyingi ni uso, *Regisseur* ni mwongozaji wa filamu lakini *régisseur* ni msimamizi wa jukwaa au wa mali. Mwenye lugha moja hana hatari hii. Wewe unayo kila siku.

## Kuandika uchambuzi kwa desturi mbili

Desturi ya Kifaransa na ya Kijerumani hazifanani, na alama hupotea hapo hata kwa mwenye mawazo mazuri. *Explication de texte* hufuata kipande kifupi mstari kwa mstari. *Commentaire composé* hukipanga kwa hoja mbili au tatu, kila hoja ikichota mifano kutoka kipande chote. *Dissertation* hujibu swali, na kiini chake ni *problématique*: swali ndani ya swali, unalolitamka mwishoni mwa utangulizi kabla ya kutangaza mpango wako. Insha isiyo na problématique huhesabiwa kuwa haijaanza, hata ikiwa na kurasa sita. Maoni ya "mimi naona" hukaribishwa kidogo sana.

Upande wa Kijerumani kazi kubwa ni *Hausarbeit*, utafiti wa kurasa 10 hadi 20 unaouandika baada ya semina. Hapa wanachotafuta ni swali jembamba, mjadala na watafiti waliokutangulia, na tanbihi zisizo na dosari. Kabla yake huwa kuna *Referat*, wasilisho la mdomo. Makosa mawili hurudi: kueleza maisha ya mwandishi kwa nusu ya muda, na kusoma karatasi neno kwa neno. Andaa sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila sehemu kwa ukamilifu, katikati iwe vidokezo tu.

Kwa lugha zote mbili, sahihisha kwa awamu. Pita mara moja ukiangalia vitenzi tu, mara nyingine jinsia na upatanisho tu, mara ya tatu tahajia tu. Ukiangalia yote kwa pamoja hutaona kitu. Katika tahajia, kumbuka mageuzi ya Kijerumani ya mwaka 1996: *daß* imekuwa *dass*, lakini *Straße* imebaki na *ß* kwa sababu irabu yake ni ndefu. Uswisi hawaitumii *ß* kabisa.

## Historia: uti wa mgongo mmoja kwa nchi mbili

Usiandike orodha mbili za tarehe. Andika moja, yenye safu mbili, kwa kuwa mambo mengi makubwa yalitokea kati ya nchi hizi. Anza na Viapo vya Strasbourg vya mwaka 842. Wajukuu wawili wa Charlemagne waliapa kusaidiana dhidi ya ndugu yao, na kila mmoja aliapa kwa lugha ya jeshi la mwenzake ili lielewe: Ludwig Mjerumani kwa lugha ya Kirumi iliyozaa Kifaransa, Charles Kipara kwa lugha ya Kijerumani ya wakati huo. Matini hiyo ni ya lugha, ni ya historia, na ni fupi ya kutosha kuisoma yote kwa kikao kimoja. Mwaka uliofuata, 843, Mkataba wa Verdun uligawa milki.

Kutoka hapo panda polepole. Amri ya Villers-Cotterêts ya 1539 iliyoweka Kifaransa mahali pa Kilatini katika hati za sheria. Agano Jipya la Luther kwa Kijerumani la 1522 na Biblia yake nzima ya 1534. Académie française, chombo cha kusimamia lugha ya Kifaransa, mwaka 1635. Mwaka 1685 Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu, Waprotestanti wa Ufaransa wakakimbia, na wengi wakapokewa Prussia, wakiacha maneno yao katika Kijerumani cha Berlin. Mwaka 1806 Napoléon alisababisha kuvunjika kwa Dola Takatifu la Kiroma. Kitabu cha Germaine de Staël kuhusu Ujerumani kiliharibiwa na polisi wa Napoléon mwaka 1810, kikachapishwa London mwaka 1813. Heinrich Heine alihamia Paris mwaka 1831 akafia huko mwaka 1856. Tarehe 18 Januari 1871 Dola la Ujerumani lilitangazwa ndani ya Ukumbi wa Vioo wa Versailles, na katika ukumbi uleule Wajerumani walitia sahihi mkataba wa 28 Juni 1919. Bila kujua la kwanza huelewi kwa nini mahali hapo palichaguliwa kwa la pili. Hata Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ulioitishwa na Bismarck, uliandika hati yake kuu kwa Kifaransa, lugha ya diplomasia ya wakati huo.

Tarehe zina mitego yake. Ufaransa ya mapinduzi ilikuwa na kalenda yake, iliyohesabu miaka tangu 22 Septemba 1792 na kufutwa mwanzoni mwa 1806: *9 Thermidor an II* ni 27 Julai 1794, na *18 Brumaire an VIII* ni 9 Novemba 1799. Tarehe hiyo ya 9 Novemba ishike, maana itarudi upande wa pili mwaka 1918, 1923, 1938 na 1989. Mwalimu wa Kijerumani akisema *der 9. November* bila mwaka, muktadha ndio unaokuambia ni upi. Na miaka yenyewe izoeze sikio: 1789 ni *mille sept cent quatre-vingt-neuf* na *siebzehnhundertneunundachtzig*. Kijerumani hutanguliza mamoja kabla ya makumi, na anayeandika 98 badala ya 89 hupoteza uzi wa mhadhara mzima. Jaribu tarehe 20 kwa imla kila wiki, dakika tano tu.

Nyaraka za Kijerumani za kabla ya 1941 nyingi zimechapwa kwa herufi za Fraktur. Kuzizoea huchukua siku tatu au nne za kusoma kwa sauti. Zinazodanganya ni *ſ*, ambayo ni *s* ndefu inayofanana na *f* ila haina mkato kamili katikati, na *I* na *J* kubwa, ambazo huandikwa sawa. Maandishi ya mkono ya Kurrent ni kazi nyingine, ya majuma: *e* huonekana kama *n*, na *u* huwekewa upinde juu ili isichanganywe nayo. Jifunze kwa kuyaandika wewe mwenyewe. Mkono ukishajua njia ya kalamu, jicho hufuata. Kwa nyaraka za Ufaransa, Gallica, maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, inakupa magazeti na vitabu bila malipo.

Ukisoma magazeti, ya zamani au ya leo, angalia vitenzi vinavyomtoa mwandishi katika dhamana. *Le ministre serait malade* haisemi kwamba waziri ni mgonjwa, inasema kuna habari hiyo na haijathibitishwa. *Der Minister sei krank*, kwa Konjunktiv I, ni usemi wa taarifa: mtu fulani amesema hivyo. "Inasemekana" inakaribia zote mbili; "eti" inapita kiasi, kwani inaongeza shaka ambayo kitenzi hakina. Wanafunzi wengi hunukuu sentensi za namna hii kama ukweli uliothibitishwa, na hoja yao ya historia huanguka kwa kosa la sarufi.

Kwa kusoma sambamba, kuna kitabu cha shule cha historia kilichoandikwa kwa pamoja na Wafaransa na Wajerumani, *Histoire/Geschichte*, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2006 kwa lugha zote mbili. Kituo cha televisheni cha Arte, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1992, hutoa makala zake kwa lugha zote mbili pia. Tazama kwanza kwa lugha unayoimudu zaidi, kesho yake kwa nyingine.

## Wiki ya kawaida

Nje ya darasa panga kama saa 16. Lugha inayochechemea ipate dakika 50 kila siku, bila kuruka. Iliyotangulia ipate siku nne za dakika 40. Riwaya saa nne, kwa vikao vitatu. Historia saa mbili, moja yake ikiwa ni waraka mmoja tu unaosomwa kwa kina. Kuandika saa moja na nusu. Kadi na kusikiliza vimo ndani ya dakika hizo za lugha. Usizifuatanishe lugha mbili bila kupumzika. Tenganisha kwa chakula au matembezi, na kila moja iwe na meza au kona yake ikiwezekana. Uchovu ukizidi, punguza historia kwa wiki hiyo na uache dakika 50 zikiwa salama.

## Muhula wa ng'ambo na vyeti

Ukipata mwaka mmoja nje, ugawe nusu kwa nusu, ukianza na nchi ya lugha dhaifu. Mwanzo ndipo unapokuwa na nguvu ya kuvumilia kutoelewa. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, hutoa ufadhili wa kwenda huko, Campus France huelekeza wanaokwenda Ufaransa, na Chuo Kikuu cha Kifaransa na Kijerumani chenye makao yake Saarbrücken huratibu shahada za pamoja kati ya vyuo vya nchi hizo. Kabla ya kuondoka, pata kwa maandishi orodha ya masomo ambayo chuo chako kitayatambua ukirudi, yenye sahihi. Ahadi ya mdomo ya mhadhiri haishikiki akihama idara.

Kwa vyeti vya Kifaransa, DELF huishia B2 na DALF ni C1 na C2. DELF B2 ina sehemu nne za alama 25: unahitaji 50 kati ya 100, na usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Vyeti hivyo havina mwisho wa matumizi. Mtihani wa Kijerumani wa B2 wa Goethe-Institut una moduli nne zinazoweza kufanywa moja moja, kila moja ikidai alama 60 kati ya 100, kwa hiyo aliyeanguka kwenye kuandika halazimiki kurudia kusikiliza. TestDaF, mtihani wa Kijerumani kwa wanaotaka kuingia chuo, hupimwa kwa ngazi za TDN 3, 4 na 5 katika kila stadi, na vyuo vingi vya Ujerumani hutaka TDN 4 katika zote nne. Jisajili mapema, ukiacha miezi mitatu kati ya matokeo na siku ya mwisho ya maombi ya chuo, ili sehemu moja ikikukwamisha uwe na nafasi ya kuirudia.